Wakwe Wanne Waliohama Mstari

Baba Minza,

Shikamoo. Najua hutaitika, lakini mdomo wangu umezoea kukuamkia kabla ya kusema neno jingine lolote, na mkono nao umeiga tabia hiyo hiyo.

Huu ni mwezi wa tano tangu tukulaze zizini kwako. Ng'ombe wanapita juu yako asubuhi wakitoka na jioni wakirudi, kama ulivyotaka mwenyewe. Yule mwekundu mwenye pembe moja, uliyekuwa ukimtetea kila akiingia shamba la watu, amezaa ndama jike. Minza naye amejifungua salama. Ni mtoto wa kiume, amepewa jina lako, Luhende, na akilia anasikika hadi mtoni, kwa hiyo tumesema huyu hakukosewa jina. Mvua ilichelewa kisha ikaja yote kwa mkupuo. Mtama wa bondeni umeoza, wa mwinuko umesimama. Limbu, mwanao wa mwisho, amekwenda machimbo ya dhahabu Geita pamoja na vijana wengine wengi. Anatuletea habari kwamba wanashuka chini ya ardhi na taa mkononi. Mama yake hataki kuzisikia mbele ya watu, ila huniita pembeni akaniomba nimsimulie tena.

Nimeyatanguliza haya ili nipate pumzi. Jambo lenyewe ni kwamba kile kiti cha mwanangwa, mkuu wa kijiji, nilichokalia miaka saba, nimekirudisha kwa watu wachague upya. Nimewaambia na sababu, kwa kinywa changu, mchana kweupe. Nataka kukueleza ilivyokuwa na ilivyokwisha, maana wewe ndiye ungeicheka kuliko wote, na wewe ndiye ninayekushukuru.

Utanivumilia nikieleza hata unayoyajua. Barua hii nitakuja kuisoma kwa sauti hapo zizini ng'ombe wakishatoka, na wajukuu zako watakuwapo. Wao hawakuwapo siku ya mistari, na wengine bado hawajui kwamba kijiji hiki kimewahi kumpata mkuu wake kwa sababu ya mama mkwe.

Zamani Mwanhobo haikuwa na taabu ya kuchagua. Mwanangwa aliletwa na mtemi, tukapiga makofi, yakaisha. Wewe ndiye uliyenihesabia. Wa kwanza unayemkumbuka alipewa kijiji kwa sababu binti yake aliolewa na mtemi. Wa pili aliwekwa na Wadachi kwa sababu, ulivyosema wewe, alikuwa na sauti kubwa na Wadachi walidhani hiyo ni akili. Wa tatu alijiweka mwenyewe baada ya vita, wakati hakuna aliyejua nani anamtawala nani, na akatawala vizuri kuliko wenzake wote mpaka macho yakamwisha.

Ila chaguo moja tulikuwa nalo wenyewe tangu enzi za mababu. Tulimchagua nsumba ntale, kiongozi wa vijana wanaolima kwa pamoja. Hapo mtemi hatii mkono, wala Mzungu. Watu wanasema wanamtaka nani, na wakimchoka wanamwambia apumzike. Wewe ulishika nafasi hiyo misimu kumi na miwili na hakuna aliyekuchoka. Nilikuwa mtoto nikikuona mbele ya safu ya majembe, unaimba huku unamtania mvivu kwa jina lake, na mvivu anacheka na kulima zaidi. Nilikuonea wivu tangu hapo. Sikupata kukuambia hilo ukiwa hai.

Ndipo akaja Bwana Shauri, Mzungu wa bomani, yule mrefu mwenye soksi hadi magotini. Akasema siku hizi watu watajichagulia mwanangwa wao. Kila kaya itoe mtu mmoja, asimame nyuma ya amtakaye. Wajane wenye kaya zao nao wasimame. Mahali akapataja uwanja wa mnada wa ng'ombe, kwa kuwa ni pakubwa na hapana miiba. Majina yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa lako, nani mwingine? La pili lilikuwa langu, kwa sababu karani wa mtemi alichoka kutumwa kusomea watu karatasi na alitaka mwanangwa anayejua herufi. Nilikuwa nimesoma miaka minne kwa wamisionari kule upande wa Kolandoto, na nilitembea nikijua hivyo, hata mgongo wangu ulijua.

Nilikitaka kiti kile, Baba Minza. Sikuwa nikikitaka kwa ajili ya watu. Nilikitaka ili watu waliokuwa wakiniita mtoto wa Holo mfinyanzi waniite Mwanangwa. Na nilijua kwamba nikisimama nawe uwanja ulio sawa, nitaaibika.

Siku yenyewe, wa kwanza kufika alikuwa dada yako mkubwa, Mayu Nkamba, mjane mwenye kaya yake. Alifika askari akiwa bado anachora mistari kwa majivu. Akaja akasimama nyuma yako kabisa, amenyooka, ameshika fimbo yake, na hakutikisika tena. Mabinti zake wote wanne wameolewa humu humu Mwanhobo, kwa Shija, Ngassa, Kulwa na Masunga. Wote wanne walikuwa watu wako. Walilima chini yako, waliimba nyimbo zako, na walipokuja uwanjani walikuwa wanakuja kwako.

Wajukuu watauliza ilikuwaje basi. Kwetu mwanamume hasogei karibu na mama mkwe wake. Akimwona njiani anapinda kichakani hata kama kuna nyoka. Hali chakula mbele yake, hapiti mbele yake, na kusimama karibu yake mpaka kivuli chake kimguse ni aibu ambayo hata kuoga hakuitoi. Bwana Shauri hakuyajua hayo, na hakuna aliyemweleza. Yeye alikuwa na saa mkononi.

Shija alikuja mbele ya wenzake akiwa ameshainua mkono kukusalimu. Akamwona mama mkwe. Mkono ukabaki juu. Ngassa akageuka kana kwamba amesahau kitu nyumbani, akakutana na askari aliyekuwa akipiga kelele, "Mstarini! Hakuna kusimama katikati!" Masunga akajifunika kichwa kwa shuka yake na akasimama hivyo hivyo uwanjani, kipofu wa kujitakia, mpaka askari akamsukuma. Wakatazama kulia, wakatazama kushoto. Mistari ilikuwa miwili tu. Wakaja kwangu, wote wanne, wameinamisha vichwa, na Ngassa akaninong'oneza kisogoni, "Mwenzangu usifurahi, mimi siko hapa."

Tukahesabiwa. Nilikuzidi kwa watu watatu. Waliohama walikuwa wanne, na hesabu hiyo hata mbuzi anaiweza. Bwana Shauri akaandika jina langu kitabuni, akanipa mkono, akapanda gari lake jua halijafika utosini. Mayu Nkamba peke yake ndiye aliyeuliza, "Imekuwaje?"

Haya yanayofuata Shija ndiye aliyenisimulia, miaka mingi baadaye. Kesho yake asubuhi wakwe wale wanne walikuja kwako wakiwa wamefunga safari. Walikuwa tayari kwenda kwa miguu hadi bomani Shinyanga, wakamweleze Mzungu kilichotokea, mistari irudiwe na Mayu Nkamba aambiwe asimame mwisho. Ukawapa maziwa, wakanywa. Halafu ukawakatalia. Ukasema, "Nikienda kumwambia Mzungu kwamba mliogopa mama mkwe, atacheka. Akishacheka ataandika. Na akiandika, mwaka kesho atatuamuru tuache kuwaheshimu wakwe zetu ili hesabu yake itimie. Kiti kimoja hakinitoshi kulipia hayo."

Mimi sikujua umesema hivyo. Mimi nilikuwa nyumbani nikisubiri nyayo zenu.

Ulipokuja hukuja na maneno. Ulikuja siku ya baraza langu la kwanza, watu wamekaa mbali wamenipa ubavu, wengine wanachonga mipini ya majembe yao kana kwamba sipo. Ukapita katikati yao, wewe mwenye umri wa kunizaa, ukakunja miguu, ukakaa chini mbele ya kigoda changu. Ukasema, "Tunakusikiliza, Mwanangwa." Basi. Mipini ikawekwa chini. Sikuweza kusema nililoliandaa. Nilisema tu kwamba kisima kifagiliwe, nikafunga baraza.

Na kweli nilihitaji kushikwa mkono, kwa kuwa nilianza kazi ile kama mwehu. Unakumbuka barua? Nilitaka watu waje kutengeneza njia ya mnadani, nikaona kutuma mtoto akapige yowe ni ushamba. Nikaketi siku mbili nikaandika barua kwa kila kaya, kwa mwandiko mzuri, na kila moja nikaimalizia kwa jina langu na cheo changu. Nikazituma. Kesho yake nikaamka nikakuta foleni mlangoni kwangu, kila mtu ameshika barua yake. Nilifurahi nikadhani wamekuja na majembe. Walikuja niwasomee. Nikawasomea mmoja mmoja, neno kwa neno, hadi jua likazama, na njia haikuguswa. Wewe ulikuwa wa mwisho kwenye foleni ile makusudi. Ulinipa yako ukaniambia, "Nisomee taratibu, huenda yangu ina habari tofauti." Ulicheka mpaka ugoro ukakupalia, na mimi nikiwa nimekasirika nikakupiga mgongoni usife.

Baada ya hapo ukawa unanifundisha bila kusema unanifundisha. Uliniambia nisiamue kesi ya ng'ombe kabla sijaenda kuona kwato zenyewe shambani. Uliniambia nisikate shauri lolote nikiwa na njaa, na nisikate shauri la mke na mume nikiwa nimeshiba sana. Uliniambia mwanamke ambaye mume wake ameondoka asiitwe barazani kwa jina la mume, aitwe kwa jina lake, maana ndiye anayefungua zizi asubuhi. Hilo la mwisho limenifaa kuliko yote siku hizi za Geita.

Halafu mwaka wa nzige. Wale wachanga wasioruka bado walipotokea upande wa magharibi, wakitembea ardhini kama maji yanayomwagika, mimi nilichukua kalamu. Nilikuwa namwandikia mtemi kuomba maagizo! Nikiwa kwenye mstari wa tatu nikasikia miguu ya watu wengi nje. Nikatoka, nikakutana na mama mmoja amebeba jembe na mtoto mgongoni, akaniuliza, "Mwanangwa, huo mtaro uliotuagiza tuchimbe, uwe na kina gani?" Sikuwa nimeagiza mtaro wowote. Nikajikaza nikamwambia hadi magotini. Nikaufuata umati, nikakuta kaya zote zinachimba, na wewe unapita mbele yao unasema, "Mwanangwa amesema hadi kiunoni! Magotini watatoka hawa!" Ulikuwa umezunguka kijiji kizima tangu alfajiri, na kwenye kila mlango ulisema neno hilo hilo, Mwanangwa amesema. Tukawaswaga wale wadudu mtaroni tukawafukia. Vijiji vya jirani vilikula majani ya porini mwaka ule. Sisi tulikula mtama, na watu wakanishukuru mimi.

Watu wakisema nilikuwa mwanangwa mzuri, wanasema kweli nusu. Nilikuwa mzuri kwa kinywa chako. Uliweka maneno yako mdomoni mwangu miaka saba, na hukuwahi kumwambia mtu hata mmoja kwamba ni yako.

Sasa nije penye uchungu.

Tulipokubeba kwa machela kwenda hospitali Kolandoto, nilishika mti wa mbele upande wa kulia njia nzima, sikukubali kupokewa. Watu walidhani ni mapenzi. Yalikuwa mapenzi, ndiyo, lakini ilikuwa toba pia. Siku ya tatu, daktari alipokwisha kusema kwamba tukae tu karibu nawe, tukabaki peke yetu mchana ule wa joto. Nikasema, "Baba, kuna jambo." Ukainua kidole nisiendelee. Ukasema kwa sauti iliyobaki kidogo tu, "Kuhusu dada yangu? Kwamba wewe ndiye uliyemwambia awahi uwanjani?"



Ndiyo. Wajukuu wasikie pia. Siku moja kabla ya mistari nilipita kwa Mayu Nkamba kumsalimu, jambo ambalo sikuwa na desturi nalo. Nikamwambia kwa upole wote kwamba itapendeza kaka yake akiwa na mtu wa damu yake wa kwanza kabisa mgongoni pake, na kwamba awahi, asikubali mtu amtangulie. Alinishukuru. Alinipa karanga za kula njiani. Nami nilijua kabisa wakwe zake wanne watafanya nini wakimwona pale. Nilikuwa nimekaa juu ya wazo lile wiki nzima. Sikumdanganya mtu, sikuhonga mtu. Nilichukua heshima yetu nikaitumia kuwaswaga watu wazima.

Na wewe ulilijua tangu siku ile ile. Dada yako alikuambia jua halijazama. Ulikaa chini mbele ya kigoda changu ukiwa unajua. Ulichimba ule mtaro kwa jina langu ukiwa unajua.

Nilikuuliza kwa nini. Ukafumba macho nikadhani umelala. Halafu ukasema, "Nilikasirika mwezi mzima. Mke wangu shahidi. Kisha nikasema, huyu angalau anatujua. Mjinga asingefikiria mama mkwe." Ukajaribu kucheka, kikohozi kikakukamata. Kilipokuachia ukasema lile lililonitoa kitini. "Mimi nilishakusamehe, Mabula. Dada yangu je?"

Hukusema mengi zaidi ya hayo. Kesho yake uliondoka.

Nilimaliza msiba kwanza. Nilihakikisha kuni zipo, wageni wamekula, shimo limechimbwa pale ulipoonyesha. Halafu nikaenda kwa Mayu Nkamba, nikapiga magoti nje ya mlango wake, nikamwambia yote. Alikuwa anapepeta mtama na hakuacha kupepeta. Akasema, "Ulinifanya boma la miiba, mwanangu. Uliniweka pale niwafukuze watoto walionilimia. Miaka saba wakwe zangu wanaamini wamekosa kwa ajili yangu, na mimi naamini nimemwangusha kaka yangu." Akapeperusha makapi. Akasema, "Usiniombe radhi hapa mlangoni. Nenda ukaseme mbele ya kaya zote, nami nikiwepo."

Sikulala vizuri wiki mbili zile. Sitakuficha, nilitafuta njia ya kukwepa. Nilifikiria hata kukimbilia Geita nikachimbe mawe na akina Limbu. Lakini kila nikifunga mzigo nilikuwa nakuona umekunja miguu pale chini mbele yangu, nikaufungua tena.

Nikaenda kwanza kwa mtemi. Karani wake akadhani nimeingiwa na wazimu, nani anarudisha kiti? Mtemi akanisikiliza mpaka mwisho, akatafuna mdomo wake, akasema chagueni tena, Mzungu ataletewa jina, hataletewa hadithi. Nikarudi nikaita watu, kwa yowe safari hii. Nikasimama nikasema. Nilisema vibaya, kwa kurudiarudia, na katikati sauti ilikatika nikalia mbele ya wake zangu na watoto wangu. Ngassa akasimama akauliza, "Kwa hiyo miaka yote hii nimekuwa nikimwomba radhi marehemu kwa kosa lako?" Watu wakacheka, yeye hakucheka. Wazee wakanitoza dume moja. Wewe ulikuwa na usemi wako kwamba kosa ambalo halijaliwa nyama halijaisha, basi likaliwa siku hiyo hiyo, na mimi nikanyimwa hata mkia, ndivyo desturi.

Kwa uchaguzi wenyewe wakasema mistari basi. Shija, ambaye sasa ndiye nsumba ntale, akatajwa. Na mimi nikatajwa, sikuamini masikio yangu, akasema bibi mmoja wa ng'ambo ya mto kwamba aliyetubu naye apimwe. Tukaweka chungu ndani ya kibanda cha kupimia pamba, mlango mmoja wa kuingia na mwingine wa kutokea. Kila kaya mtu mmoja, peke yake, ana punje mbili mkononi, ya mtama na ya njugu mawe. Mtama ni Shija, njugu ni mimi. Unatia moja chunguni, nyingine unaitupa nje ukitoka. Hapo hakuna aliyeona kisogo cha mkwe wake. Kaya nyingi zilisimamiwa na wanawake, maana waume wako machimboni, na waliitwa kwa majina yao.

Ungekuwepo! Kuku wote wa jirani walihamia mlango wa kutokea, wakashiba kura zilizokataliwa. Mzee Kadogosa akaketi pale kwenye kigogo akiwatazama kuku wanadonoa nini, ili ajue nani anashinda, mpaka wanawake wakamfukuza kwa fagio.

Nilipofika zamu yangu nilitia mtama.

Mayu Nkamba ndiye aliyemwaga chungu kwenye ungo akatenga. Hapakuwa na haja ya kuhesabu mara mbili. Mtama ulikuwa kilima. Shija ndiye Mwanangwa, na ni mtu mwema, ana sauti, hana haraka, na karatasi zikija nitamsomea. Watu walipiga vigelegele wakamzunguka, nami nikapiga makofi na mikono yangu haikuwa mizito hata kidogo.

Walipoondoka, Mayu Nkamba akaniita. Akanipa zile njugu kwenye kiganja. Zilikuwa kumi na tisa. Akasema, "Hizi ni zako."

Nilizitazama, Baba Minza, moja moja. Siku ya mistari waliosimama nyuma yangu walisimama nyuma ya shule niliyosoma, na wengine nyuma ya aibu yao. Hawa kumi na tisa walikuwa wameshanisikia. Walijua nilichofanya, tangu mwanzo hadi mwisho, na waliniona nalia, na wakiwa peke yao mle ndani, hakuna wa kumwogopa, wakatia njugu. Kiti nilikipata kwa hila, lakini hizi nimepewa. Nisingekuwa nazo kama wewe ungekwenda bomani Shinyanga asubuhi ile. Ungekwenda, ningekuwa mwizi aliyekamatwa. Ulikaa chini ukaningoja niwe mtu.

Wabeja, Baba. Wabeja sana. Nakushukuru kwa kila neno ulilosema kwa jina langu, na zaidi kwa lile ulilolinyamazia.

Ahadi yangu ni hii. Shamba la Minza la upande wa mwinuko nitalilima mimi mpaka Limbu arudi, na Luhende mdogo akifikia umri nitamfundisha herufi, ila nitamkataza kuwaandikia watu barua. Na zile njugu kumi na tisa nimekwisha kuzipanda, nyuma ya nyumba, penye udongo mwekundu. Zikizaa nitazipika, niwaite walionipa waje kula. Nani walinipa, sijui, wala sitajua kamwe. Kwa hiyo itabidi niipikie Mwanhobo nzima.

Lala salama, Baba Minza.

Ni mimi,
Mabula